Jumatatu Mtarudi? Barua ya Wazi kwa Vijana Wakimbiaji na Mafundi wa Dodoma

Mbukwenyi, wanangu.

Nawaandikia ninyi mnaokimbia alfajiri kutoka Ipagala, ambao saa mbili asubuhi nawakuta tena mmejaa vumbi la saruji kwenye mijengo ya Iyumbu, Nala na Mtumba. Wengi wenu ni mafundi au saidia fundi, wachache mnaendesha bodaboda, na wapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaokuja siku wakijisikia. Mimi kazi ya kusimamia majengo nimeshastaafu, na magoti hayaniruhusu tena kuwafuata. Macho lakini bado yapo, na yameona jambo ambalo sikulisema kwenye kikao kwa sababu siku ile kila mtu alitaka kuzungumzia jezi.

Tarehe 15 Septemba 2025 Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, jirani zetu hapa, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha jijini Tokyo. Wiki ile barabara ilijaa. Raba mpya, simu mikononi, watu wanapiga picha kabla hata jasho halijatoka. Nilifurahi, sikatai. Baada ya muda tukabaki walewale. Waliopotea nawafahamu, na wala sitawaita wavivu, maana mtu anayebeba ndoo za zege kutwa nzima kwenye jua la Dodoma hawezi kuitwa mvivu na mzee aliyekaa kivulini. Nguvu wanazo. Kinachowashinda ni kurudi.

Simbu yule tuliyemshangilia hakuzaliwa siku ile. Mwaka 2016 alikuwa wa tano kwenye Olimpiki ya Rio. Mwaka 2017 akachukua shaba ya dunia kule London, nchi nzima ikamjua. Baada ya hapo ikapita miaka ambayo wengi wenu hamkusikia habari zake, ingawa mwenyewe hakuwa amekaa: Olimpiki ya Tokyo, iliyokimbiwa 2021, alimaliza wa saba, na Paris 2024 akawa wa kumi na saba. Pigeni hesabu kutoka shaba hadi dhahabu, ni miaka minane. Katika miaka hiyo minane kulikuwa na asubuhi ngapi za kuamka na kukimbia kilomita zilezile, huku hakuna anayempigia simu? Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston. Septemba, Tokyo, yeye na Mjerumani Amanal Petros walifika wote kwa saa 2:09:48, ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue, na iliamua kwa tofauti ya sekunde 0.03. Ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Mnapenda kunionyesha zile mita za mwisho kwenye simu zenu. Mimi nikizitazama nawaza ile siku iliyofuata baada ya Paris. Mtu aliyemaliza wa kumi na saba, umri unakwenda, alivaa raba akatoka.

Halafu kuna Mzee John Stephen Akhwari. Kila mgeni rasmi akishika kipaza sauti lazima amtaje: Mexico City, 1968, alianguka, goti likaumia, akamaliza wa mwisho giza limeshaingia, na ile kauli yake kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza. Ni kweli yote, na inastahili heshima. Ila hadithi hukatiwa hapo, na mimi jambo hilo huniudhi kidogo, kwa sababu inamfanya shujaa wa kuonewa huruma. Miaka miwili baadaye, 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni akawa wa tano. Mtu aliyetoka uwanjani akichechemea na bandeji, dunia nzima ikimtazama! Aliuguza goti, akarudi kazini. Hilo ndilo ningependa wageni rasmi walisome.

Sasa nije kwa wa hapahapa. Juma Ikangaa amezaliwa Dodoma, na baadhi yenu mliponiuliza ni nani nilinyamaza kwa aibu. Alikuwa askari wa jeshi letu, JWTZ, mfupi, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha wapinzani: aliongoza. Wenzake walikaa nyuma yake wakikwepa upepo, yeye akiubeba. Brisbane 1982, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Robert de Castella wa Australia alimpita mwishoni, Ikangaa akapata fedha kwa sekunde 12 tu nyuma. Boston 1988 alipitwa na Mkenya Ibrahim Hussein katika mita za mwisho. Mmoja 2:08:43, mwingine 2:08:44. Sekunde moja, baada ya kilomita 42! Nimewahi kuona fundi anayeacha kazi kwa sababu mwenzake kaongezewa posho. Ikangaa alirudi Boston 1989, akawa wa pili. Alirudi tena 1990, wa pili. Kule hakushinda hata mara moja.

Lakini katikati ya hizo, Novemba 1989, alikwenda New York akashinda kwa 2:08:01, na rekodi ile ya njia ilidumu mpaka 2001. Sisemi kwamba kila anayerudi hulipwa. Boston haikumlipa. Nasema New York isingemkuta kama angekuwa amekaa nyumbani akiihesabu ile sekunde moja.

Mzee Filbert Bayi naye nimtaje kwa haraka. Februari 1974 kule Christchurch aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500, 3:32.2, akiongoza tangu mwanzo. Olimpiki ya 1976 ilipofika, Tanzania ikasusia kwa sababu ya Afrika Kusini ya makaburu, na mtu aliyekuwa kwenye ubora wake akabaki nyumbani. Akabadili mbio. Moscow 1980 akachukua fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Medali za Olimpiki za nchi hii mpaka leo ni mbili tu, hiyo na ya Suleiman Nyambui ya mita 5,000, michezo hiyohiyo.

Tuache riadha twende saiti, huko ndiko ninakokujua zaidi.

Kazi ngumu kuliko zote kwenye jengo hamuijui, kwa sababu haitoi jasho. Siku ya kumwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, kila mtu yupo: mashine inaunguruma, kuna wali na nyama, wengine wanaimba. Kesho yake zege linahitaji maji, na kesho kutwa, na siku inayofuata, angalau siku saba. Saruji haigandi kwa kukauka, inagandishwa na maji. Maji yakitoka mapema, kazi yake inakatikia njiani. Hapa kwetu kiangazi kinaanza Mei na mara nyingi kinafika Novemba, na upepo wake unanyonya unyevu juu ya zege kabla hujamaliza chai. Utaona mipasuko myembamba kama nywele, na baadaye sakafu inatoa vumbi kila ikifagiwa, mama mwenye nyumba anafikiri amenunua saruji mbovu. Saruji ilikuwa nzuri. Hakuna aliyerudi kumwagilia. Na nani arudi? Haipigwi picha, mwenye nyumba haji kuangalia, posho ya siku hiyo ni ndogo.

Niliwahi kuwa na saidia fundi kutoka Mvumi, kijana mkimya, hakuwa na haraka ya mkono na kupanga tofali alijifunza taratibu kuliko wenzake. Alichokuwa nacho ni kwamba Jumapili jioni, bila kuagizwa, ungemkuta anafunika zege kwa magunia na kuyalowesha. Nilipotakiwa kupendekeza mtu wa kusimamia jengo la pili, walikuwepo mafundi hodari kumzidi, na walinuna. Nikampendekeza yeye. Fundi hodari ambaye sijui kama kesho yupo, nitampangaje?

Hapo nina ugomvi na ninyi, nao unahusu simu. Mteja anatoa malipo ya awali, ukuta unafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, halafu fundi anapigiwa anaambiwa namba haipatikani. Mkoa mzima unalalamikia jambo hili. Mara nyingi fundi si mwizi. Amekosea kipimo, au hela ya mteja ameitumia kumalizia kazi ya mteja mwingine, na anaona haya. Anazima simu siku moja ili apumue, ya pili inakuwa ngumu zaidi kuiwasha, wiki ikiisha ameshakuwa tapeli kwa majirani wote. Ni kama yule mkimbiaji aliyekosa mazoezi Jumanne, Alhamisi akaona aibu kuja kwa sababu hakuja Jumanne. Mnajijua. Jamani, sisi hatuitishi mahudhurio. Njoo tu.

Na wale mnaoshinda, msidhani barua hii inawaruka. Katika miaka yangu ya kusimamia, waliopotea baada ya kulipwa ni wengi kuliko waliopotea baada ya kufokewa. Jumamosi mshahara, Jumatatu hayupo, Jumanne anakuja na macho mekundu na hadithi ya msiba wa shangazi. (Kuna kijana mmoja alimzika shangazi yuleyule mara mbili, nikampa pole zote mbili.) Mwenzenu aliyepata zawadi kwenye mbio za mwaka jana, alikimbia nasi mara ngapi tangu siku ile? Sitaji jina, mwenyewe anasoma.

Mtaniuliza kuhusu kipaji. Kipo, na wengine wamepewa zaidi, sina la kuongeza. Vidonge na chupa za kuongeza nguvu mnazouziana, hapana. Waganga wa timu, hapana pia, hela hizo nunueni vikoti vya kung'aa gizani, maana bodaboda wengine wanapita barabara ile bila taa, na wengine wao ni ninyi wenyewe.

Kuna mmoja wenu atasema: mzee, nimerudi mara nyingi na bado nafeli. Huyu namheshimu, na ninamjibu tofauti. Kurudi kwa kukurupuka ni kujiumiza. Ukirudia kosa lilelile kwa mwendo uleule, umerudi na miguu tu. Ukuta ukipinda, fundi mwenye akili haongezi tofali juu yake ili kuficha. Anashusha timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, anatafuta ni kozi (mstari wa tofali) ya ngapi iliyoanza kupinda, anabomoa hadi pale. Mkimbiaji naye ajiulize mbio zilimharibikia wapi. Mara nyingi kwenu jibu ni kilomita ya kwanza: mnatoka kama mnafukuzwa na nyuki, mkifika kilomita ya sita mnatembea. Ikangaa aliweza kuongoza tangu mwanzo kwa sababu alikuwa amejaza mwili kilomita nyingi mno mazoezini. Ninyi mnaiga mwanzo wake bila kilomita zake.

Kwa hiyo nawaomba haya, na si makubwa. Aliyekaa miezi bila kukimbia asianze na mbio ndefu ya Jumapili eti alipe deni. Wiki ya kwanza achanganye kutembea na kukimbia, awe anaweza kuongea na mwenzake bila kukata pumzi, na siku ya kupumzika apumzike kweli, hasa kama kazi yake ya mchana ni kubeba mawe. Mwenye maumivu ya goti asije kukimbia. Aje ashike saa na kugawa maji, ili lisipopona haraka asijikute amekuwa mgeni kwetu. Wanaokimbia mbele wasicheke anayerudi. Nimesikia kicheko juzi, na nilimjua mwenye sauti.

Na wewe uliyezima simu, kwa sababu najua yupo zaidi ya mmoja: usitume ujumbe, usimtume mdogo wako. Nenda mwenyewe kwa mwenye nyumba, asubuhi, kabla hajatoka kwenda kazini. Mpe shikamoo kama anastahili, hata kama yeye amekuwa akikutukana mtaani. Beba timazi na pimamaji, pima ukuta mbele yake, mwonyeshe palipopinda, mwambie utabomoa kozi ngapi na utamaliza siku gani. Kama hela yake umeshaila, mwambie umeila, mpangane utairudishaje, na mwandikiane. Atafoka. Mwache afoke mpaka amalize, kisha uliza maji ya kuchanganyia udongo yako wapi, uanze.

Ni mimi mzee wenu,
Msimamizi wa majengo mstaafu,
Ipagala, Dodoma