Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wavuvi wa ndoana,

Nawasalimu nyote mliofika, na kwa walioshindwa kufika naomba jirani zao wawasomee haya. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mashindano ya mwaka mliyaona wenyewe, sina la kuongeza ila kwamba mshindi wa mwaka juzi bado amekaa na kikombe chetu. Safari ya Murchison haikufanyika. Tulipojumlisha boti, kibali cha hifadhi na malazi, kila mtu akaanza kutazama viatu vyake. Yamekwisha hayo. Muda wenu uliobaki nitautumia kwa ile siku ya kufunga inzi tuliyoahidiana, ikaharibika, na ambayo leo naomba ruhusa yenu tuifanye tena kwa namna nyingine.

Kwa waliojiunga majuzi: kufunga inzi ni kuchukua ndoana tupu na kuivika manyoya, nywele na uzi mpaka samaki aione ni chakula. Tunaiita inzi hata ikiwa na sura ya dagaa, ndivyo tulivyolizoea jina. Ukiagiza kutoka nje, inzi moja ya sangara inakula pesa ya kitoweo cha nyumba nzima, halafu inanasa kwenye jiwe la kwanza. Ndiyo maana tulitaka kujifunza kuzifunga wenyewe.

Tulipanga Jumamosi moja ya Mei, kwenye banda letu la ufukweni. Mnakumbuka Mei ile. Ziwa lilipanda mpaka kipimo cha maji hapa Jinja kikaipita rekodi ya 2020, ile ya mita 13.42, ambayo nayo ilikuwa imeipita kidogo tu ya mwaka 1964. Nilikwenda Alhamisi kulikagua banda, nikakuta bata wawili wanaogelea mahali tulipotaka kuweka meza.

Tukahamia ukumbi mmoja mjini, tukalipa nusu. Asubuhi ya siku yenyewe tukafika na masanduku yetu, tukakuta viti vyeupe, vitambaa vya zambarau na spika mbili kubwa kama kabati. Mkutano wa harusi. Msimamizi akasema sisi tumeandikwa Jumamosi inayofuata. Risiti tulikuwa nayo, imeandikwa Jumamosi, haikusema ipi. Kosa hilo ni langu na nalikiri mbele yenu, maana mimi ndiye niliyeipokea na kuitia mfukoni bila kuisoma. Fedha tulirudishiwa baada ya wiki sita, kwa simu nyingi.

Watu 23 walikuwa wamekuja. Wengine wakarudi makwao, na sikuwalaumu. Tuliobaki 11 tulikwenda Walukuba, barazani kwa mmoja wetu. Jiliwa za kubania ndoana tulikuwa nazo mbili tu, kwa kuwa mwenye nyingine nne alikuwa ameshapanda boda kurudi Bugembe nazo mgongoni. Saa nane umeme ukakatika, hakuna aliyejali, barazani jua lilikuwepo. Na siku ikaanza kuwa nzuri kuanzia hapo.

Naeleza kwa kirefu kwa sababu pendekezo langu limetoka pale. Tulikaa wawili wawili: mmoja anafunga, mwenzake anatazama na kumpa vitu, kisha wanabadilishana. Ukumbini ningesimama mbele kama mwalimu wa darasa la nne, na walio nyuma wasingeona vidole vyangu. Barazani kulikuwa na mama mmoja, fundi wa kushona gomesi, lile vazi la akina mama, aliyekuja kumsindikiza mwanawe na ambaye ada ya uanachama aliilipa, nadhani, kwa kumhurumia mweka hazina. Aliniangalia nikikata uzi mara tatu. Akasema, "Mzee, unavuta uzi kama unafunga mbuzi."

Akachukua ndoana. Yeye hakuvuta. Alikiacha kijiti cha uzi kining'inie chini ya ndoana, uzito wake wenyewe ukakaza, akawa anazungusha tu, mzunguko unalala kando ya mzunguko bila kupandana. Alipokaribia jicho la ndoana akaacha nafasi ya punje moja ya mchele. Nafasi hiyo mimi huisahau, kisha kichwa kinajaa na fundo la mwisho linakosa pa kukaa. Akaweka nywele nyeupe za mkia wa mbuzi, chache kuliko ambavyo ningeweka mimi, akazibana kwa gumba na kidole cha shahada zisije zikazunguka na uzi. Mizunguko miwili ya upole, wa tatu ndio wa nguvu. Juu yake nyuzi sita za fedha alizochomoa kwenye pambo la Krismasi, na juu kabisa nywele kidogo za kijani. Tone la vanishi ya kucha kichwani, tukasubiri ikauke. Kisha akaichovya kwenye ndoo. Ilipolowa ikanywea, ikawa mukene, yaani dagaa, ana mgongo na ana tumbo. Watu 11 tuliinamia ndoo moja bila kusema neno.

Siku ile tulifunga inzi 19, nyingi mbaya. Ile ya mama niliiomba, akanikatalia, akampa mwanawe, naye akaipoteza kwenye maporomoko ya Itanda kwa samaki ambaye hakuna aliyemwona.

Kwa hiyo pendekezo ni hili: tuachane na kumbi. Watu 16, jiliwa 8, baraza lile lile. Wakizidi 16 tutafanya siku ya pili, hatutaongeza viti.

Jiliwa tumezipata hapa hapa. Fundi wetu wa chuma alileta ya kwanza mwezi Agosti ikiwa na meno mapana kama ya kubania bomba. Nilipoikaza, ndoana ndogo iliruka ikatua kwenye chai ya katibu. Ya pili alitumia kichwa cha drili mbovu, akakichomelea juu ya kipande cha nondo na bamba zito chini. Hiyo inabana kuanzia ndoana ya namba 10 hadi 4/0 ya sangara, wala haitikisiki. Ametengeneza sita za namna hiyo. Jumlisha na mbili za zamani, tunatosha.

Vifaa vingine tuvikusanye kwa macho ya mtu anayepita sokoni, tusianze kufikiria dukani. Wachinja kuku wanatupa manyoya ya shingo ya jogoo, tena yale marefu ya kahawia yanayong'aa; waombeni tu, ila myaoshe kwa sabuni na kuyaanika vizuri, kwa sababu mwaka jana kaveera moja, mfuko wa plastiki wenye manyoya, lilitufukuza sote barazani. Nywele bandia za saluni ni hazina: ndefu, hazinywi maji, zina rangi zote, na mabaki hufagiliwa kila jioni. Sapatu kuukuu ya sponji ikikatwa vizuri inatoa inzi za kuelea. Fundi wa kusuka mota ana waya wa shaba mwembamba. Mnyororo wa kizibo cha sinki, ule wa shanga za chuma, ukikatwa shanga mbili mbili unakuwa macho. Macho hayo si pambo. Bob Clouser, mvuvi wa Pennsylvania kule Marekani, ndiye aliyefunga macho mazito ya risasi upande wa juu wa ndoana, na uzito ule ukaipindua inzi ikaogelea ncha ikitazama juu. Kwa mto wetu wenye mawe na magugu, hilo peke yake linaokoa nusu ya inzi zako.

Kitu kimoja hakitaingia barazani. Mwanachama mmoja, kwa nia njema kabisa, alileta manyoya ya korongo taji aliyoyaokota shambani. Nilimrudishia. Huyo ndiye ndege aliye kwenye bendera yetu, na Sheria ya Wanyamapori ya 2019 hairuhusu mtu kukaa na viungo vya mnyama wala ndege wa porini bila kibali, hata kama amevikuta chini. Jogoo anatosha. Kanga wa kufugwa naye anatosha, na madoadoa yake samaki wanayapenda.

Sasa tufunge nini? Hapa najua kuna ubishi, na baadhi yenu mngependa inzi kubwa za sangara kutwa nzima. Mputa, yaani sangara, akiwa mdogo hali samaki sana, anakula wale kamba wadogo wa ziwani ambao wataalamu huwaita Caridina nilotica. Akikua anahamia kwa nkejje (wale furu wadogo), mukene, na hata watoto wake mwenyewe. Nkejje walikaribia kutuishia miaka ya 1980, baada ya sangara aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 kuzaana bila kiasi, lakini wamerudi kwa kadiri yao, na mimi naona masanduku yetu bado hayana habari hiyo. Kila mtu ana mukene watano na hana nkejje hata mmoja. Wageni waanze na mukene juu ya ndoana ya 1/0: inaonekana bila miwani na hatua zake ni chache. Baada ya chakula tufunge nkejje, mnene na mfupi, mwenye mistari ya kalamu ya wino mzito ubavuni.

Kisinja, yule samaki wa mtoni, tumwachie jioni, kwa wenye subira. Wazee mliomvua kwenye maporomoko ya Bujagali kabla bwawa halijayafunika, lile lililozinduliwa 2012, mnajua anavyopenda maji ya mbio, na sasa tunamfuata Itanda. Anataka kitu kidogo, cheusi, chenye waya wa shaba wa kukizamisha. Na wale sami, wadudu wadogo wanaopanda ziwani kama moshi wa tanuri? Vijana wajaribu. Mimi macho yangu ya miaka 61 nimeyastaafisha kwenye ndoana za namna hiyo.

Kabla ya kufunga chochote, bana kwanza kile kijino cha nyuma ya ncha kwa koleo. Ukibana mwishoni na ndoana ikavunjika, umepoteza nusu saa ya kazi yako. Ndoana isiyo na kijino inatoka kwa samaki bila kumchana, nasi tunarudisha wengi majini kwa hiari. Wengine tunawarudisha kwa sheria: sangara asiyefika inchi 20 na ngege, yaani tilapia, asiyefika inchi 11 si wako, hata akiwa ameshakufunga uzi wa ndoana kiunoni. Hapo hapo, tembeeni na leseni zenu. Mwezi wa Septemba askari mmoja wa doria alifungua sanduku la mwenzetu akauliza wadudu hawa ni wa dawa gani. Iliisha kwa kicheko, na askari akaomba moja, lakini leseni ndiyo iliyokileta kicheko hicho.

Mwaka huu pia kuna aliyeniuliza kwa nini taarifa hii siiandiki kwa Kiingereza. Tazama meza ile ya Mei: Basoga wanne, Wagisu wawili, Mluo wa Busia, Mnubi wa Bombo, mama wa gomesi kutoka Tororo, mwanawe, na mstaafu wetu wa jeshi kutoka Arua. Kiswahili ndicho kilichokuwa kinazunguka na chai. Cha mstaafu ni cha amri, akisema "kaza" kila mtu anakaza, hata aliyekuwa anakata.

Tarehe ninayoomba ni Jumamosi, 22 Februari 2025, kuanzia saa tatu asubuhi. Ada za shule zitakuwa zimeshatuumiza na maumivu yameanza kupoa. Mvua za Machi zitakuwa hazijafika. Ramadhani inatarajiwa kuanza mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo wenzetu Waislamu tutakula nao mchana, na mpishi wa rolex, zile chapati za mayai, wa pale kona ameshaambiwa. Tena mwezi unaandama karibu na mwisho wa Februari, na kwa kawaida sami huibuka zaidi siku hizo. Wiki moja baada ya kufunga tutajua kama tulichofunga kina thamani yoyote.

Mchango ni shilingi 15,000 kwa kila mtu, chakula kikiwemo. Ndoana na uzi vitatoka chamani. Njoo na mkasi mdogo mkali ambao nyumbani hawatautafuta, na kitu kimoja ulichookota sokoni au saluni ambacho mwenzako hajakifikiria. Mama wa gomesi amekubali kukaa meza ya wageni. Aliweka sharti kwamba mimi nisikae meza hiyo, na nimekubali. Katibu ana karatasi ya kujiandikisha, na hadi jana jioni majina saba yalikuwa tayari. Nimeisoma mwenyewe mara mbili, na tarehe imeandikwa.

Mwenye baraza ameomba jambo moja tu: ndoana zihesabiwe kabla ya kazi na baada ya kazi. Mwezi wa Mei wajukuu wake walicheza pale pekupeku tangu jioni ile, na ndoana ya mwisho aliipata Jumanne, chini ya mkeka.

Mwenyekiti,
Jinja, Januari 2025