Mwanza kwa wanaotoka Pwani

Kirumba, Mwanza

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wanangu. Umeniuliza siku tatu za Mwanza zinatosha nini, na kama huku kuna pwani ya kuogelea kama kwenu Tanga. Nianze na hilo la kuogelea, maana ndilo linalowaharibia wageni safari.

Ziwa halijai wala halipwi, kwa hiyo hesabu zenu za bamvua na maji mafu ziacheni huko huko. Huku tunahesabu upepo na mwezi. Asubuhi maji huwa yametulia. Adhuhuri ikishapita upepo unaingia kutoka ziwani, na alasiri boti ndogo zinarushwa vya kutosha kuwatapisha watoto. Kwa hiyo mambo ya majini yote yawekeni asubuhi, ya nchi kavu baadaye. Mwezi nitaueleza tukifika kwenye dagaa.

Kuogelea sasa. Maji hayana chumvi, na hapo ndipo kichocho kinapopata nafasi. Konokono wanaokibeba wanakaa kwenye maji yaliyotulia, penye matete na magugu maji, na vijidudu wanavyovitoa hupenya ngozi kwa dakika chache tu, hasa jua linapokuwa kali. Kujifuta na taulo haraka haraka si kinga ya kutegemea. Mtoto anayecheza na miguu majini kwenye matete kwa nusu saa yuko hatarini zaidi kuliko mtu mzima aliyeko botini siku nzima. Na penye matete mamba naye ana haki zake. Watoto wakitaka kuoga, tafuteni hoteli yenye bwawa. Kama wameshaingia ziwani, msiwape dawa kwa kubahatisha: subirini kama miezi miwili ndipo wapimwe choo, kwa sababu cha huku ni kichocho cha tumbo, na kipimo cha mapema kinaweza kisione kitu. Kikionekana, kinatibika kwa prazikwanteli.

Asubuhi ya kwanza nendeni Saanane. Kisiwa kilikuwa makazi ya mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima. Mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa, mojawapo ya ndogo kabisa nchini: kilomita za mraba 2.18, maji yakiwemo. Boti inaondokea ofisi ya TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa, pale Capri Point, mwendo wa dakika kumi hivi. Chukueni vitambulisho ili mlipe kiingilio cha raia, na simu iwe na salio, kwa kuwa malipo ni ya simu kwa namba ya malipo ya serikali na si noti mkononi. Fikeni mapema, saa mbili au mbili na nusu, kwa sababu pimbi hutoka kuota jua wakati huo, na mijusi nao wako juu ya mawe. Mwonyesheni mdogo dume la mjusi: kichwa na mabega rangi ya waridi iliyokolea, mwili wa buluu, na akimwona mwenzake anaanza kutikisa kichwa, juu, chini, juu, chini. Kuna swala na pundamilia pia, lakini watoto wengi huishia kwa huyo mjusi. Chakula kikae ndani ya begi lililofungwa zipu, tumbili wa pale hawaombi. Viatu viwe vya soli inayoshika. Miamba ikipata unyevu inateleza, na kandambili ndizo zinazowaangusha watu.

Jioni hiyo hiyo msikae hotelini. Ninyi Tanga jua mnaliona likitoka baharini, likizama linazama nyuma yenu. Mwanza iko ukingo wa mashariki wa ghuba, jua linazama majini mbele ya macho, tena kwa kuchelewa: ni kama dakika 25 baada ya kwenu, karibu na saa moja. Kaeni upande wa kivuko cha Kamanga, mkiliangalia lile Jiwe la Bismarck lililosimama majini. Watu wanapiga picha moja wanaondoka. Mimi naona bora mpande kivuko chenyewe kama abiria wa miguu, mvuke kama nusu saa, mrudi na kivuko kinachofuata, jiwe mkilikuta mnaporudi. Ila ulizeni kabla ya kupanda kivuko cha mwisho kurudi mjini ni saa ngapi, la sivyo mtalala ng'ambo, Sengerema.

Siku ya pili ni Mwaloni, Kirumba, soko la samaki. Fikeni kabla jua halijawa kali. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inafanya kazi giza likiwepo. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanapumzika, mzigo unapungua na bei inapanda. Kwa hiyo kama unanunua wa kupeleka nyumbani, tazama kalenda: mwezi mwandamo ndio wakati wako. Chukua gao moja, lisugue kwa kiganja cha pili, halafu fungua mkono. Ukibaki mchanga, dagaa wameanikwa chini, na hata uwaoshe mara tatu watasaga meno. Waliokauka kwenye vichanja hawaachi kitu zaidi ya magamba. Rangi iwe ya fedha inayong'aa. Wakiwa wekundu wekundu na harufu imepanda, mvua iliwakuta uwanjani. Wabebe kwenye gunia linalopumua. Ukiwafungia kwenye ndoo yenye mfuniko, kabla ya kufika Segera wameshaota ukungu.

Samaki mbichi wa kusafiri nao kwa basi mpaka Tanga sikushauri, labda muwe na kasha la barafu na sangara aliyegandishwa akawa jiwe. Mle hapa hapa. Sato wa kuchoma aagizwe mapema, maana mkubwa anachukua dakika arobaini na zaidi, na akiharakishwa anaungua nje huku mfupa una damu. Kabla hajachomwa, fungua shavu: ndani pawe pekundu, si pa kahawia. Ukiona sato wote mezani wamelingana ukubwa, huenda ni wa kufugwa kwenye vizimba. Si vibaya, wana mafuta zaidi, ila usilipe bei ya sato wa ziwani. Watoto waagizieni sangara, minofu yake haina miiba midogo. Na msinunue sato chini ya sentimita 25 wala sangara chini ya 50, hao ni haramu kisheria na mnaweza kunyang'anywa njiani.

Alasiri ya siku ya pili au asubuhi ya tatu, Bujora. Pandeni daladala ya Kisesa, barabara ya Musoma, kisha bodaboda mpaka juu. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada. Kuna ngoma za watemi, nyumba ya mhunzi, na kanisa la duara lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma. Mchukueni mwongozaji, bila yeye mtaona vyungu tu. Mwambieni awaeleze Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyocheza kwa wakati mmoja ili kila kimoja kivute watu wa mwenzake. Mkija Juni, wakati wa Sikukuu ya Ekaristi, mtakuta kwenye Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, wachezaji wenye chatu mikononi. Shemeji anayeogopa nyoka asimame nyuma.

Ukerewe iacheni safari hii. Meli ya Nansio ni kama saa tatu kwenda, na kwenda na kurudi siku moja ni kukiona kisiwa kwa nyuma ya bega. Shemeji akitaka daraja, lile la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya ghuba, lilifunguliwa Juni 2025 na ni mwendo mfupi kwa gari.

Tuko mita 1,134 juu ya bahari, hivyo Julai usiku ni baridi ya kuvaa sweta, na mchana jua linachoma bila ninyi kuhisi joto. Botini kila mtoto avae jaketi okozi lililofungwa kamba zote. Likiwa kubwa litamvuka kichwani, ombeni jingine.

Basi lenu litaishia Nyegezi. Mkiambiwa Nyamhongolo, hiyo ni stendi ya njia ya Musoma, msishuke huko na mizigo. Nitumie tarehe mapema nikuangalizie mwezi.

Wako,
Mama Neema