Kifafa cha tegu humpata hata asiyekula nguruwe

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu minyoo ya tumbo na nimefurahi kwamba gazeti limeipa nafasi. Ila mlipofika kwa tegu wa nguruwe, mwandishi amemaliza kwa kusema kuwa asiyekula kitimoto hana la kuogopa. Hilo si kweli, na huku kwetu Mbozi imani hiyo imeshaumiza watu. Naomba niisahihishe.

Jirani zangu ni Wasabato. Nyumbani kwao nguruwe haliwi wala hafugwi, na hata sufuria iliyopikiwa nguruwe haiazimwi. Binti yao alianza kuanguka kifafa akiwa darasa la sita. Mara ya kwanza aliangukia jikoni, mkono ukaingia motoni, na waliokuwepo wakasita kumshika kwa sababu wengi hapa wanaamini povu la mwenye kifafa linaambukiza. Kovu analo mpaka leo. Miaka minne wazazi wakazunguka kwa waganga na kwenye maombezi. Ng'ombe wawili waliuzwa. Shangazi yake alisingiziwa uchawi, maneno yakamzidi, akahama kijiji. Hatimaye binti alipelekwa Mbeya, akapigwa picha ya CT, na ubongoni vikaonekana vifuko vya lava, yaani mnyoo mchanga, wa tegu wa nguruwe. Baba alikataa katakata. Kwake ilikuwa kama ametukanwa yeye na dini yake.

Lakini daktari alikuwa sahihi. Tegu huyu huingia kwa binadamu kwa njia mbili, nazo hazileti ugonjwa mmoja. Anayekula nyama yenye vifuko ambayo haikuiva hupata mnyoo wenyewe tumboni: mnyoo bapa kama utepe, wa mita 2 hadi 7, unaoweza kukaa humo miaka bila mwenye tumbo kusikia lolote kubwa. Pengine ataona tu vipande vyeupe kwenye choo. Kila kipande kinaweza kubeba mayai kama 50,000, na hapo ndipo penye hatari. Mayai hayo yakimezwa na mtu kupitia mboga mbichi, maji ya kisima, au mkono wa mpishi ambaye hakunawa alipotoka chooni, lava hutoboa utumbo, husafiri na damu na kwenda kutulia kwenye misuli, machoni au ubongoni. Kifafa, basi, hakitoki kwenye sahani ya nyama. Kinatoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu, na huyo anaweza kumwambukiza mke, watoto, wateja wake na hata nafsi yake.

Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa wanne wa jamii ya Wayahudi wa Orthodox jijini New York, watu ambao nguruwe kwao ni haramu kabisa, waliokutwa na vifuko hivi ubongoni. Chanzo kilichoelekea zaidi kilikuwa wasaidizi wa ndani waliotoka nchi zenye tegu. Nilimsomea jirani yangu habari hiyo. Ilimtuliza kuliko maneno yote niliyokuwa nimemwambia kabla.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mahali ambapo ugonjwa huu umeota mizizi, karibu asilimia 30 ya kifafa husababishwa na tegu. Kifafa kina sababu nyingine pia, kama malaria iliyopanda kichwani, majeraha ya kichwa na matatizo wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo sisemi kila anayeanguka ana tegu. Nasema apimwe kabla ya kutafutiwa mchawi.

Mimi mwenyewe ni mfugaji, na lawama nyingine ni yetu wafugaji. Mahindi yakiwa shambani tunafungia nguruwe bandani. Tukishavuna tunawaachia wazurure wajitafutie. Kaya ambayo choo chake kimebomoka, au haina choo kabisa, huwalisha nguruwe hao kinyesi chenye mayai ya tegu bila kukusudia. Mchuuzi akija kununua humlaza mnyama chini, humtia kijiti mdomoni, huvuta ulimi na kuupapasa. Akigusa vipunje kama vya mchele, ambavyo ndivyo vifuko vya tegu, anashusha bei au anaondoka. Na hapo kila mfugaji anajua kinachofuata, ingawa hatukisemi mbele ya afisa mifugo: nguruwe huyo hafukiwi. Anachinjwa usiku nyuma ya nyumba, nyama inagawanywa kwa bei ya chini, mkaguzi hana habari. Nyingine inachomwa haraka haraka na kuliwa ikiwa bado nyekundu katikati. Na hata ulimi ukiwa safi haimaanishi mnyama ni salama, maana mwenye vifuko vichache hupita bila kugundulika.

Hasira yangu inatokana na kwamba haya yote yana dawa. Tegu wa tumboni anatibika. Nguruwe akipewa dozi moja tu ya oksifendazoli, vifuko vya kwenye nyama hufa, ingawa lazima usubiri wiki kadhaa kabla ya kumchinja. Chanjo ya nguruwe pia ipo. Kwenye duka la pembejeo ninaponunua mimi sijawahi kuikuta dawa hiyo wala chanjo hiyo, na nimeuliza zaidi ya mara moja. Naiomba halmashauri yetu ilifuatilie jambo hili, na inapotuhimiza kujenga vyoo ituambie wazi kwamba choo hiki kinazuia kifafa. Mtu akilisikia hilo atachimba shimo kesho. Mfugaji ambaye nguruwe wake amekutwa na vipunje naye afikiriwe fidia japo ndogo, vinginevyo ataendelea kuchinja usiku.

Nanyi, Mhariri, rudini kwenye ile makala mrekebishe sentensi yake ya mwisho.

Binti wa jirani sasa ana miaka 18. Anameza dawa zake kila siku, ni zaidi ya mwaka hajaanguka, na ameanza kujifunza ushonaji. Shangazi yake bado hajarudi kijijini.

Mfugaji,
Vwawa, Songwe