Picha ya kale isibanduliwe kwenye albamu

Mhariri,

Picha ya enzi za walowezi wa Magharibi ya Marekani ikionekana kwenye albamu ya familia tajiri, kila mtu hukimbilia sura: huyu si Billy the Kid, yule jambazi maarufu wa enzi hizo? Tunawasihi wenye albamu hizo waiache sura kwanza, na wasiibandue picha.

Sura hufanana. Ushahidi wenye nguvu zaidi umo katika kurasa: picha jirani, pazia la studio linalojirudia, mwandiko ulio chini. Mkiuza picha moja moja, ushahidi huo unakufa. Basi pigeni picha kila ukurasa, kwa mpangilio wake, kabla ya kugusa chochote. Albamu nyingi za wakati huo zina mwanya ukingoni mwa ukurasa wa kupitishia kadi, yaani picha iliyobandikwa kwenye karatasi ngumu. Kadi ikiteleza yenyewe, itoeni taratibu msome mgongo wake. Ikikwama, iacheni, maana ukurasa utachanika.

Mgongoni tafuteni jina la studio na stempu. Kuanzia Septemba 1864 hadi Agosti 1866 Marekani ilitoza ushuru wa picha, hivyo stempu hiyo huonyesha kadi iliuzwa lini. Pimeni pia. Kadi ndogo ni kama milimita 64 kwa 100. Ile kubwa, 108 kwa 165, ilienea baada ya 1866. Ila kumbukeni kwamba picha ya zamani iliweza kunakiliwa kwenye kadi mpya.

Picha za bati ni habari nyingine. Hizo ni za chuma, hata sumaku hunasa, na nyingi zimepinduka kama taswira ya kwenye kioo. Ndiyo sababu watu waliamini miaka mingi kwamba Billy the Kid alitumia mkono wa kushoto. Bunduki yake, Winchester ya 1873, ndiyo iliyoumbua dhana hiyo: tundu la kuingizia risasi liko ubavu wa kulia, lakini katika picha yake ya bati linaonekana kushoto. Bati hilo liliuzwa mnadani Denver mwaka 2011 kwa dola milioni 2.3, na mapito yake yalijulikana: lilitunzwa na ukoo wa rafiki aliyepewa na Billy mwenyewe. Sura pekee isingeleta bei hiyo.

Kuhusu utunzaji, adui mkubwa ni albamu za kisasa zenye kurasa za gundi. Gundi hugeuka njano na haiachii. Plastiki laini ya PVC nayo ni mbaya. Tumieni plastiki ya poliesta au karatasi isiyo na asidi. Bati lisiguswe na maji wala kukunjwa, kwani rangi ikipasuka kutu huingia hapo hapo. Unyevu wa hewa ubaki kati ya asilimia 30 na 50, na dari na stoo za chini ziepukwe.

Majina waliyoyataja wazee yaandikeni kwa penseli kwenye bahasha, pamoja na jina la aliyesema na tarehe. Msiandike kwa kalamu ya wino mgongoni mwa picha: wino hupenya na kutokea upande wa pili.

Wahifadhi wa picha za kale