Kabla ya Kuweka Kidole: Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaoanza Kujitegemea

Wanangu,

Nawaandikia kwa sababu ya jambo lililonipata miezi michache iliyopita, nilipokwenda kujiandikisha katika ukumbi wa mazoezi baada ya daktari kunishauri niushughulikie mgongo wangu. Binti wa mapokezi, mwenye adabu zake zote, alinielekeza niweke kidole gumba juu ya kioo kidogo. Mashine ikakataa. Nikajaribu cha shahada, nikajaribu cha kati, nikafuta mikono kwa leso na kuhamia mkono wa kushoto. Vidole vyote kumi vikakataliwa, kwa maana umri hufifisha mistari ya ngozi, na mtu aliyeshinda miaka mingi masjala akifunua karatasi kavu huwa ameshaipunguza mistari hiyo kabla uzee haujafika. Binti akaniambia kwa masikitiko kwamba pasipo kidole mlango haufunguki, kwa hiyo hawezi kunisajili. Nyuma yangu walisimama vijana wa rika lenu, na kila mmoja aliweka kidole akapita bila kuuliza chochote.

Nilirudi nyumbani nikiwaza ile foleni kuliko nilivyowaza kukataliwa kwangu. Vidole vyangu vilikuwa vimenikatalia kwa niaba yangu. Wale vijana hawakujua kwamba walikuwa na nafasi ya kukataa.

Ninachowaomba ni kwamba kila biashara itakapodai alama za vidole, sura, sauti au mboni ya jicho lenu, swali lenu la kwanza liwe hili: nisipotoa, nitahudumiwa kwa njia gani nyingine? Wengi huuliza kama mfumo ni salama, na jibu la swali hilo ni ndiyo siku zote, kwa sababu hakuna muuzaji atakayekuambia kwamba sanduku lake linavuja. Swali la njia nyingine halijibiki kwa maneno matamu. Ama ipo kadi, namba ya siri au kitambulisho cha kawaida, ama hakuna. Na kama hakuna, basi fomu uliyopewa utie saini chini ya neno "nakubali" haina ridhaa ndani yake.

Hayo si mawazo ya mzee peke yake. Kanuni Kuu ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2018, inakataza kuchakata bayometria, yaani vipimo vya mwili kama alama za vidole na sura, kwa lengo la kumtambua mtu, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, mojawapo ikiwa ni ridhaa ya wazi. Na ridhaa hiyo lazima iwe ya hiari, na kuiondoa kuwe kwepesi kama kulivyokuwa kuitoa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinaiweka bayometria katika fungu la taarifa nyeti. Hata zawadi inaweza kuharibu ridhaa. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya ilisimamisha shughuli za Worldcoin, mradi uliokuwa ukipiga picha mboni za macho ya watu na kuwapa sarafu za kidijitali, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamuru taarifa zilizokusanywa zifutwe.

Mimi nilikuwa karani wa masjala, na karani huliangalia jambo hili kwa jicho lake. Kwetu faili lilikuwa na tarehe ya kufunguliwa, rejista ya kila aliyelichukua, na tarehe ya kuharibiwa. Tarehe hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau kuuliza. Kampuni moja ya Marekani iliyowawezesha wateja, wakiwemo wa jimbo la Illinois, kulipia bidhaa kwa kidole ilifilisika, na ghafla watu wakajiuliza alama zao zingeangukia mikononi mwa nani, kwa kuwa kampuni ikifilisika wadai hugawana viti, meza na hata orodha ya wateja. Kutokana na hofu hiyo bunge la jimbo lilipitisha mwaka 2008 sheria ambayo hadi leo naiona ni ya mfano: biashara lazima ikueleze kwa maandishi inachukua nini, kwa kazi gani na kwa muda gani, ipate ridhaa yako ya maandishi, isiuze taarifa hizo, na iziharibu kazi yake ikimalizika au ndani ya miaka 3 tangu uliposhughulika nayo mara ya mwisho, kutegemea lipi litatangulia. Zaidi ya hayo, raia wa kawaida anaweza kushtaki mwenyewe, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikasema hahitaji kuthibitisha kwamba ameibiwa au ameumizwa. Inatosha kwamba haki yake ilivunjwa. Facebook ilikubali kulipa dola milioni 650 kumaliza kesi iliyofunguliwa chini ya sheria hiyo.

Mtaambiwa kwamba kinachohifadhiwa si picha ya kidole bali ni kiolezo, yaani mfululizo wa namba zinazoeleza mahali mistari inapokatika na kugawanyika. Ni kweli, na ni afadhali kuliko picha. Lakini watafiti wameonyesha kwamba kutokana na kiolezo cha namna hiyo inawezekana kuunda upya alama inayoweza kuidanganya mashine. Mwaka 2015 Serikali ya Marekani ilikiri kwamba wadukuzi walikuwa wameiba alama za vidole za watu milioni 5.6 kutoka ofisi yake inayosimamia watumishi. Nenosiri likiibwa hubadilishwa jioni ile ile. Watu hao wangali na vidole vile vile.

Hapa niweke tofauti moja, kwa sababu sitaki mtoke kwenye barua hii mkiogopa hata simu zenu. Simu nyingi za kisasa zinapofunguliwa kwa kidole au sura, kiolezo hubaki ndani ya simu yenyewe, katika sehemu iliyotengwa, na programu ya benki huletewa jibu tu kwamba ni wewe au si wewe. Kidole hakijaondoka mfukoni mwako. Kioo cha kaunta ni jambo jingine, kwa kuwa huko kiolezo mara nyingi huingia kwenye hifadhidata ya mfanyabiashara, na huenda ikatunzwa na kampuni ya tatu ambayo hukuwahi kuisikia. Kwa hiyo muulize: kiolezo changu kinakaa wapi, na nani mwingine anakifikia?

Kuna pia wasioomba kabisa. Picha ya kawaida ya kamera ya ulinzi peke yake haihesabiwi kuwa bayometria. Huwa hivyo inapopitishwa kwenye mfumo unaopima uso ili kumtambua mwenyewe. Mteja hawezi kuiona tofauti hiyo kwa macho. Desemba 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani iliizuia Rite Aid, iliyokuwa na mtandao wa maduka ya dawa, kutumia utambuzi wa sura kwa miaka 5, baada ya mfumo wake kuwanyooshea kidole wateja wasio na hatia kana kwamba ni wezi. Tafuteni tangazo mlangoni, na msipoliona, ulizeni.

Kwa kuuliza, andikeni. Neno la mdomo kaunta huisha na zamu ya aliyelipokea. Barua au ujumbe wa mistari mitano unatosha: jina lako, tarehe uliyotoa taarifa, ombi la kujua kilichohifadhiwa, ombi la kukifuta, na siku unayotarajia majibu. Kanuni za Ulaya humpa mwenye biashara mwezi mmoja wa kujibu, na si vibaya kuutaja hata mahali ambapo sheria haijaweka muda. Asipojibu, nakala ya barua hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa kamishna au tume ya ulinzi wa taarifa. Na msimgombeze binti wa mapokezi, kwa kuwa mfumo huo hakuununua yeye.

Nami niliandika. Niliuliza mtu ambaye vidole vyake havisomeki aingie kwa njia gani, nikaipeleka barua mwenyewe na kugongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala. Baada ya siku nne meneja aliniita, akavuta droo ya meza ile ile ya mapokezi na kunipa kadi ya plastiki yenye namba. Nilipomwuliza kadi hizo zimeletwa lini, akasema zilikuja pamoja na mashine.

Sasa nimewaandikia tena nikitaka kujua kama mashine ilihifadhi chochote katika yale majaribio yangu kumi. Barua hiyo ina wiki mbili, na majibu bado nayasubiri.

Ni mimi mzee wenu,
Karani mstaafu wa masjala