Barua ya wazi kwa vijana mnaoandika majina ya migomba

Wanangu,

Wiki nzima nimewaona mkizunguka vihambani, mashamba yetu ya nyumbani hapa Kibosho, na simu zenu, mkiuliza mgomba huu unaitwaje na jina lake la kitaalamu ni lipi. Nimefurahi sana. Nina neno moja tu, nisikilizeni kabla hamjaelekea Uru.

Nilifundisha baiolojia miaka mingi. Mwanafunzi mmoja aliandika kwenye mtihani kwamba ndizi ziko aina tatu: za kupika, za kula mbivu na za mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikamchorea mkasi mwekundu. Yule mtoto aliandika alichokiona kwa mama yake, na mimi nikamfanya aamini kwamba mama yake hajui kitu. Inaniuma hadi leo, maana baadaye nilikuja kusoma kwamba Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi aliyeanzisha utaratibu wa majina ya kitaalamu ya mimea, alipanga vivyo hivyo: mwaka 1753 ndizi ya kupika akaiita Musa paradisiaca, na mwaka 1759 ya kula mbivu akaiita Musa sapientum. Alifuata chungu cha jikoni! Karibu miaka 200 ikapita ndipo wataalamu wakaonyesha kwamba hizo ni machotara ya migomba pori, Musa acuminata na Musa balbisiana.

Mtafiti wa mbegu anataka kujua nani ndugu wa nani, na kwake mshare, ndizi yetu ya kupika, ni ukoo wa acuminata mtupu. Mama yangu alitaka kujua nani atakula nini. Mikungu ikishakatwa, aliitenga palepale chini ya mgomba: mshare huku, ya mtori, supu nzito ya ndizi ya jirani aliyejifungua, kimalindi kule, ya watoto, mzuzu kando, ya kukaanga, ya mbege ikafunikwe majani iive. Mkono wake mweusi kwa utomvu, na hakukosea hata mkungu mmoja.

Kwenye fomu yenu nimeona safu ya matumizi iko mwisho kabisa, haitoshi hata maneno mawili. Ipanueni. Na kabla ya kufungua simu, mwamkieni bibi, kisha mwulizeni: wewe unazipangaje? Halafu nyamazeni. Akijibu kwa Kichaga, rekodini sauti yake. Tahajia mtaitafuta baadaye.

Kwangu njooni Jumamosi saa moja asubuhi, kabla sijashuka sokoni Mbuyuni. Nyuma ya zizi kuna mgomba ambao mimi na jirani yangu tunauita majina mawili tofauti. Nimemwomba naye awepo.

Mama yenu,
Mwalimu mstaafu, Kibosho, Moshi