Waendesha baiskeli, kuleni kwa mama lishe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wanaojiandaa kwa safari ndefu za baiskeli, hasa wanaotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya. Wengi hufungasha mikate, biskuti na vyakula vya kopo kana kwamba wanavuka jangwa. Uzito wote huo hulalia gurudumu la nyuma, spoku za upande wa cheni zinaanza kukatika, na wenyewe wanapita kando ya sufuria zinazotokota bila hata kusalimia. Barabara hii ya kilomita 830 hivi ina chakula kizuri karibu kila senta. Cha kujua ni saa zake.

Asubuhi ni supu. Ya ng'ombe au mbuzi, pamoja na chapati mbili, ndimu na chumvi, inakupa maji, chumvi na wanga kwa mkupuo mmoja. Maliza mchuzi, ila vipande vyenye mafuta mengi punguza, maana hukaa tumboni muda mrefu na mlimani vitakusumbua. Ikifika saa 3 supu nzuri imekwisha. Chakula cha mchana hupakuliwa kuanzia saa 6. Ukichelewa hadi saa 9 utakuta masufuria yanaoshwa, au wali uliopoa tangu adhuhuri. Huo usiuguse hata ukipashwa moto: vijidudu vinavyozaliana kwenye wali uliokaa huacha sumu ambayo moto hauiondoi. Uliza bila aibu, "Mama, kipi kiko jikoni sasa hivi?" Ugali unaosongwa mbele yako na maharage yaliyo motoni ndicho chakula cha kuaminika. Kachumbari iache, kwani mara nyingi huoshwa kwa maji yasiyochemshwa. Njiani beba mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa, ndizi mbivu na viazi vitamu.

Kipande kigumu ni kuanzia Mikumi. Ndani ya hifadhi, kilomita 50 hivi, kuna tembo, nyati na simba. Pakia baiskeli kwenye gari kabla ya kuingia, mkikubaliana nauli ya mzigo kwanza. Baada ya mji wa Mikumi unashuka kwenye bonde la mibuyu lenye joto kali. Beba maji lita 4 kabla ya kwenda Ruaha Mbuyuni. Na maji matupu hayatoshi kwa mtu anayetoka jasho saa nzima: katika kila lita ya maji safi koroga sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko, vyote vya kufuta, visiwe na kilima. Ukizidisha chumvi unajidhuru, kwa hiyo onja; isizidi ladha ya machozi. Ruaha Mbuyuni kula ushibe, kisha pumzika walau dakika 45. Mbele yako kuna Kitonga, na mlima ule haupandwi na tumbo lililojaa. Ukishafika juu, Ilula kuna nyanya tele, na Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku utahitaji sweta. Ulanzi, pombe ya mianzi, upo na utakaribishwa kwa moyo. Ngoja baiskeli iwe imeshalazwa.

Kuhusu malazi, fika kijijini kabla ya saa 11 jioni. Nenda ofisi ya kijiji, muulize mtendaji au mwenyekiti, toa kitambulisho, eleza utokako na uendako, ndipo uombe pa kulala. Anayetokea saa 2 usiku na taa machoni pa watu asilaumu akiogopwa. Nyumbani kwa mtu piga hodi ukiwa nje, mpe mkubwa shikamoo, subiri karibu. Ukiambiwa "karibu tule", nawa na umege hata matonge machache. Kukataa kabisa ni kumwambia mwenyeji kwamba chakula chake hakikufai. Usimpe mama mwenye nyumba noti mbele ya watoto. Nunua sukari kilo moja, majani ya chai na mche wa sabuni katika duka la hapohapo, umkabidhi asubuhi unapoaga. Kwa mama lishe ni tofauti: ile ni kazi yake, lipa bei kamili na usiombe upunguziwe. Na tafadhali acheni kuwarushia watoto pipi barabarani. Wanazikimbilia mbele ya malori.

Mwenyeji mwingine wa kumthamini ni fundi wa chini ya mti, mwenye beseni la maji na vipande vya tyubu kuukuu. Ukiwa na haraka utamharibia kazi: solusheni, yaani gundi ya kiraka, lazima ikauke dakika kama 5 kabla ya kiraka, vinginevyo joto la lami litakifungua mbele ya safari. Ana vipuri vya baiskeli za inchi 28 na 26, si vya baiskeli za mashindano. Wenye magurudumu membamba wabebe tyubu zao mbili, tairi moja la kukunja na adapta ya valvu, kwa sababu pampu yake huenda isiingie.

Wanaosafiri mwezi wa Ramadhani wajue kwamba kwenye senta nyingi kuanzia Dar es Salaam hadi Morogoro migahawa hufungwa mchana au huweka pazia. Nunueni vya mchana tangu usiku, mle kwa kujisitiri. Magharibi ikiingia, anayepita mbele ya mkeka ataitwa kufuturu, awe Muislamu au asiwe.

Mwendesha baiskeli,
Iringa